Huanguka

Mtaa mzima ulimwita Barafu, na jina hilo lilitokana na kazi yake, si tabia yake. Alikuwa fundi wa friji. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati wa kukunja juu. Ndani, friji mbovu zilisimama ukutani bega kwa bega, nyingine hazina milango, nyingine zimefunguliwa mgongo, na katikati palikuwa na meza ya mbao iliyojaa makovu ya moto wa kuchomelea. Mtu akileta friji yake, Barafu hakuwa na haraka ya kuuliza. Aliiwasha, akaiwekea kiganja ubavuni, akainamisha kichwa na kusikiliza. Wateja walipenda kusema kwamba Barafu hadanganyi. Ikiwa imekufa atakwambia imekufa, hata kama uongo ungemlipa. Sifa hiyo aliipenda kuliko sifa zote.

Mkewe alifanya kazi kliniki ya watoto wachanga, kwenye mizani. Kutwa nzima alipokea watoto wa watu, akawapima, akaandika kadi, akawarudisha mikononi mwa mama zao. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, lakini akisema amesema. Walikaa miaka tisa bila mtoto, wakapata mmoja wa kike, na baada yake hawakupata mwingine. Hata hivyo alimwita mumewe "baba watoto", naye Barafu kila mara alijibu, "Watoto wenyewe mmoja, kelele za kumi."

Maana binti huyo alianza kuuliza kabla hajatembea sawasawa. Kwa nini friji ina joto mgongoni na kazi yake ni baridi? Baridi inatoka wapi? Mlango ukifunguliwa inakwenda kwa nani? Wateja wakampa jina la Maswali, likamganda. Baba yake peke yake alimwita mama, kwa sababu alirithi jina la bibi yake mzaa baba.

Alipofika miaka kumi na miwili, akawa ndiye mwenye majibu. Friji mpya zilikuja na vitabu vya maelezo kwa lugha ya kigeni, na Barafu alikuwa amesoma shule ya msingi tu. Mikono yake ilijua kila kitu, ila macho yalikwama. Maswali alikuwa akirudi kutoka shuleni anavua viatu, anapanda juu ya friza ya kulala iliyogeuzwa benchi, anamsomea baba yake huku akitafsiri. Usiongeze gesi kabla hujapima hapa. Hapa wapi? Hapa, baba, penye namba tatu. Walifanya kazi hivyo kwa miaka minne, na sifa za karakana zikafika hadi mitaa ya mbali.

Mwaka alipotimiza kumi na sita, shule yake ilipata nafasi moja ya ufadhili: mwanafunzi mmoja akasome ng'ambo miaka miwili ya mwisho ya sekondari, kila kitu kimelipiwa. Mtihani walifanya wengi. Maswali akawa wa kwanza. Mwalimu wake wa fizikia alifurahi hata hakusubiri kesho, alikuja mwenyewe karakanani, na chaki bado mkononi, kumpa mzee habari.

Alizungumza na Barafu kwa heshima, akampongeza, akamshukuru kwa malezi. Kisha akamgeukia Maswali na kumuuliza jambo kwa ile lugha ya vitabu. Maswali akajibu. Mwalimu akaongeza, Maswali akadakia, akionyesha kompresa, ile pampu ya friji, iliyokuwa imepasuliwa mezani, na maneno yakaenda na kurudi upesi upesi mpaka wote wawili wakaangua kicheko. Barafu naye alicheka. Alichelewa kidogo. Maswali akamtazama, na katika mtazamo ule mfupi hapakuwa na dharau hata chembe. Palikuwa na huruma. Dharau Barafu angeimeza. Huruma ya mtoto aliyemfundisha kushika bisibisi hakuweza kuimeza.

Tangu siku hiyo akawa na neno moja: bado hajakomaa.

Alilisema kwenye chakula, alilisema akinawa, alilisema akiwa mlangoni anatoka. Alikuwa na ushahidi wake. Mtoto amepoteza ufunguo wa nyumba mara mbili kwa mwaka mmoja. Mtoto akishika kitabu anasahau kula. Mtoto aliwahi kuacha pasi inawaka juu ya sketi ya shule, na alama ya pasi ile ipo mpaka leo. Mtu kama huyo utampakia kwenye ndege umpeleke kwa watu usiowajua? Mkewe alimwachia aseme mpaka akaishiwa, halafu akasema, "Kila siku naletewa mtoto na mama anayesema mwanangu bado mdogo, mwanangu bado mwepesi. Namweka kwenye mizani. Mizani haimsikilizi mama."

"Haya, na huu uzito wa kusafiri unapimwa kwa mizani gani?"

"Mtume mahali," mkewe akasema. "Umwone."

Barafu alikubali, na tuseme kweli, alikubali akitumaini mtoto atashindwa. Alimtuma mji wa mbali, mwendo wa saa nne kwa basi, akanunue kompresa ya friza ya mteja. Maswali hakuwahi kusafiri peke yake. Aliondoka alfajiri na karatasi yenye jina la duka, akarudi jua likizama, kompresa kifuani kama mtoto aliyelala. Muuzaji alikuwa amempa kompresa kuukuu iliyopakwa rangi na kutiwa kwenye boksi jipya. Maswali alinusa rangi, akaomba ichomekwe kwenye umeme, akaisikiliza, akasema hii imechoka. Muuzaji akanuna. Maswali akaketi kwenye kiti cha wateja na kumwambia atasubiri. Alisubiri saa nzima mpaka nyingine ikaletwa. Njiani basi liliharibika, naye alimpigia simu mama yake kazini, si baba, ili baba asiingiwe na wasiwasi akiwa ameshika moto.

Barafu aliiunganisha kompresa hapohapo, akaiwekea kiganja. Ilinguruma taratibu, safi, bila kukwaruza. Hakuna fundi mjini ambaye angechagua vizuri zaidi. Maneno ya kumsifu mwanawe yalikuwa tayari mdomoni, lakini yaliyotoka ni, "Umechelewa."

Mkewe alimtazama, akaenda zake jikoni. Mtihani Barafu alikuwa ameutunga mwenyewe, jibu amelipata, na jibu ndilo lililomtisha.

Wiki iliyofuata zikaja fomu kutoka kwa mshauri wa wanafunzi, mama mmoja wa makamo aliyeshughulikia maombi yote ya shule. Moja ilikuwa ya mwanafunzi. Nyingine ilikuwa ya mzazi, ya siri, ijazwe na kufungwa kwenye bahasha bila mtoto kuiona. Bahati nzuri, au mbaya, ilikuwa kwa Kiswahili. Mkewe alikuwa na zamu. Alimwambia, "Jaza wewe baba watoto. Mwandiko wangu kama kuku amepita na tope." Akaondoka bila wasiwasi wowote.

Barafu aliijaza mchana, juu ya kifuniko cha friza, jua likiwa kali nje na mtaa umetulia. Je, mtoto anajua kujipikia? Anajua. Anapogombana na wenzake hufanyaje? Hunyamaza, halafu huenda kuzungumza nao. Maswali kumi aliyajibu kwa ukweli, na kila jibu lilimsafirisha mtoto. La mwisho liliuliza kama mtoto ana hali yoyote ya kiafya ambayo wenyeji wake wanapaswa kuijua.

Akakumbuka. Maswali alipokuwa na miaka mitatu alishikwa na homa, ikapanda, akapatwa na degedege. Alianguka mlangoni, akakakamaa, macho yakageuka. Mama yake alimbeba mbio hadi kliniki. Kesho yake alikuwa anauliza kwa nini dawa ni chungu. Haikurudi tena, si mwaka ule wala miaka mingine.

Barafu angeandika: alianguka ghafla na kupoteza fahamu akiwa na miaka mitatu, kwa homa. Huo ungekuwa ukweli, na mtu wa ofisini angeusoma na kugeuza ukurasa. Badala yake aliandika: Huanguka ghafla na kupoteza fahamu.

Basi. Jambo la siku moja akaligeuza kuwa maisha ya mtoto. Alikuwa mtu wa shule ya msingi, lakini tofauti ya "alianguka" na "huanguka" aliijua kama anavyojua moto na baridi. Alilamba bahasha, akaibana. Akajiambia kwamba ni mwaka mmoja tu, watamwahirishia mwaka mmoja, atakuwa amekomaa. Akarudi kwenye friji iliyokuwa ikimsubiri, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi aliiwekea kiganja na hakusikia kitu.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Maswali aliambiwa tu kwamba nafasi imekwenda kwa mwanafunzi wa akiba. Alilia mchana mmoja, akanawa uso, akarudi karakanani kumsomea baba yake kitabu cha friji ya milango miwili. Barafu akawa mpole kupita kiasi. Alimmenyea machungwa, alimwambia apumzike, alimwuliza kama kiti kinamuumiza. Mkewe akamwambia kwa utani, "Umekuwa mpole kama mtu aliyevunja sahani na bado hatujaiona."

Alichosahau ni kwamba karatasi nayo ina miguu. Mshauri, kwa nia njema, alikuwa amemjulisha matroni wa shule ili mtoto aangaliwe. Matroni akawajulisha walimu. Maswali akaambiwa asiwashe moto maabara peke yake. Akaondolewa timu ya kuogelea. Dawati lake likasogezwa karibu na mlango, hakuambiwa sababu. Mwanafunzi mmoja aliona orodha ya wanafunzi wagonjwa kwenye meza ya walimu, na kufikia Ijumaa darasa zima lilijua. Msichana aliyekaa naye tangu kidato cha kwanza akahamia nyuma. Mtu akaweka alama kwenye kikombe chake ili kisichanganywe na vya wengine. Siku kalamu yake ilipodondoka na yeye akainama kuiokota, wanafunzi watatu walisimama kwa pamoja na kurudi nyuma.

Jioni hiyo alikuwa anakausha vyombo. Baba yake alikuwa mezani, anakula. Alimwuliza mama yake, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anavyouliza mambo yote, "Mama, mimi huanguka?"

Tonge lilisimama mkononi mwa Barafu.

"Nani kasema?" mama yake akauliza.

"Shule nzima."

Mama alifuta mikono yake taratibu, kidole kimoja kimoja. Akasema kesho haendi kazini. Kesho watakwenda shuleni wote watatu, na huyo aliyemzushia mwanawe maradhi atamweleza uso kwa uso. Akamgeukia mumewe: "Au siyo?" Barafu alijibu ndiyo. Nafasi ya kusema ilikuwa palepale, mezani, na milango yote imefungwa. Hakuitumia.

Asubuhi alikosea vifungo vya shati mara mbili. Njiani sentensi ilimfika ulimini mara tatu: mama watoto, subiri kidogo. Mara ya tatu walikuwa wameshafika getini.

Ofisi ya mshauri ilikuwa nyembamba, yenye kabati la chuma na viti viwili vya wageni. Wazazi waliketi, Maswali akasimama nyuma yao. Mama alisema yote aliyokuja nayo, bila kupandisha sauti, na kila alichosema kilikuwa kweli. Alisema yeye anaandika kadi za afya za watoto wa watu, anajua kadi ya mwanawe ilivyo. Mshauri alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua kabati, akatoa faili, akalishika bila kulifungua, na badala ya kumjibu mama akamtazama baba.

"Fomu hii ni ya siri," akasema. "Siwezi kuionyesha bila ruhusa ya aliyeijaza. Baba, unaruhusu?"

Hapo Barafu alielewa kwamba mshauri alishajua, na kwamba alikuwa anampa mlango. Angeweza kusema: msiisome, nitasema mwenyewe. Kichwa chake kikatikisika tu, kukubali, kama kichwa cha mtu mwingine.

Mkewe alisoma. Shingo yake, aliyokuwa ameisimamisha tangu nyumbani, ililegea. Hakumtazama mumewe. Maswali aliinama juu ya bega la mama yake, akasoma naye. Nje ilisikika sauti ya darasa la chini wakihesabu kwa pamoja. Aliyesema kwanza alikuwa mtoto.

"Baba amekosea neno," Maswali akasema. "Alitaka kuandika 'alianguka'. Nilipata degedege nikiwa mdogo."

Mshauri akauliza, "Ndivyo ilivyo, baba?"

"Ndivyo," Barafu akasema. "Nilikosea."

Baadaye, kila alipokumbuka, si ile siku ya fomu iliyomchoma zaidi. Ilikuwa hii. Uongo wa kwanza aliufanya peke yake. Wa pili mtoto aliubeba kwa ajili yake, mbele ya watu, na yeye akamwachia aubebe.

Barua ya masahihisho iliandikwa, akaitia saini. Mshauri aliwaeleza kwamba mwanafunzi wa akiba ameshapata viza na nafasi haiwezi kurudi, labda mwakani. Walitoka. Mkewe alishika njia ya kliniki ingawa alisema haendi kazini, akawaacha baba na binti waende pamoja mpaka karakanani. Barafu alipandisha mlango wa bati. Maswali hakuingia.

"Hukukosea," akasema.

Barafu alishika ukingo wa mlango.

"Miaka yote nasoma mwandiko wako. Ukikosea unakata mstari mmoja, unaandika juu yake. Pale hapakuwa na mstari."

"Sikukosea, mama."

"Kwa nini?"

"Niliona bado..."

"Usiseme bado, baba. Tafadhali."

Basi akasema kweli, kwa mara ya kwanza, akiwa amesimama juani na mikono haina pa kushika. Alimweleza siku ya mwalimu, kicheko kile, namna alivyocheka bila kujua anacheka nini. Alisema aliona miaka inayokuja: mtoto amerudi, anazungumza na watu mbele yake, naye anasubiri kuhurumiwa. Na akawaza pia, hilo alilisema kwa shida zaidi, nani atamsomea vitabu.

Maswali alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ungesema hapana tu," akasema. "Wewe ni baba yangu. Ungesema hapana, ningelia, ningenyamaza. Wewe umenipa ugonjwa."

Barafu akamwuliza kwa nini basi alimtetea pale ofisini.

"Sikukutetea. Niliona aibu. Sikutaka yule mshauri ajue kwamba baba yangu anaweza kufanya vile."

Akaenda nyumbani. Hakukaa tena juu ya friza ile, si siku hiyo wala nyingine.

Nyumbani mkewe aliendelea kumpakulia, kumfulia, kumjibu akiulizwa. Ila aliacha kumwita baba watoto. Hakumwita kitu chochote. Alianza tu kuongea, na Barafu ilimbidi akisie kama anaongea na yeye. Jumapili, akikunja nguo, mkewe alisema akielekeza sauti upande wake, "Karatasi imesahihishwa. Lakini watoto hawasomi karatasi za ofisini."

Jumatatu Barafu alifunga karakana akarudi kwa mshauri, peke yake. Akamwambia kwamba neno lile halikuwa kosa la kalamu. Mshauri hakushtuka. Alisema amekusanya fomu hizo miaka mingi, na wazazi wameandika mengi. Mmoja aliwahi kuandika kwamba mwanawe ni mwizi, na mtoto hajawahi kuchukua hata ufutio wa mtu. Kila mmoja wao aliamini anapima utayari wa mtoto. Barafu akaomba aruhusiwe kusema na darasa. Mshauri akakataa. Akafikiri, akasema itategemea Maswali. Maswali akaitwa, akasimama mlangoni, akajibu neno moja: "Aseme."

Kabla hawajaingia, mshauri alimvuta kando. "Shuleni humu wapo wenye kifafa kweli, na hawajamwambia mtu. Chagua maneno yako."

Barafu akaona haya upya, kwa sababu maneno aliyotoka nayo nyumbani yalikuwa: mwanangu hana uchafu huo.

Wanafunzi arobaini walisimama, wakamwamkia kwa pamoja, wakaketi. Aliwatazama, akaona shati lake lina alama ya masizi. Akasema, "Mimi ni fundi wa friji. Wengine mnanijua. Yule pale ni mwanangu. Haanguki. Niliandika mimi kwamba huanguka, na nilijua si kweli. Nilitaka asisafiri." Akaifunika alama ya masizi kwa kiganja. "Na angekuwa anaanguka, angehitaji wa kumshika, si wa kumkimbia. Ugonjwa hauna kosa. Mwenye kosa ni mimi."

Mtu mmoja nyuma alicheka, cheko la pua, na Barafu aliliacha lipite. Msichana wa mbele akanyoosha mkono, akauliza kwa adabu kwa nini hakutaka asafiri. Barafu akasema aliogopa kubaki. Maswali wakati wote huo alitazama dawati lake. Hakuinua uso, wala baba yake hakutegemea auinue.

Katika darasa lile kulikuwa na watoto wa wateja wake, na kufikia saa tisa mtaa ulikuwa na habari. Watu hawakumtukana. Walimtania, na utani ulikuwa mbaya zaidi. Mteja mmoja alileta friji, Barafu akaipima, akasema imekufa. Mteja akauliza, "Imekufa, au hufa?" Waliokuwepo wakacheka, na Barafu akacheka nao, safari hii akijua vizuri anacheka nini.

Mwaka ule ulipita polepole. Barafu alinunua kamusi iliyotumika, jalada limebanduka, akawa anatafuta neno moja moja, kidole juu ya mstari. Friji nyingine alizikataa, akawaelekeza wenyewe kwa fundi wa mtaa wa pili. Maswali, akitoka shule, alikaa nyumbani na vitabu vyake. Alimsalimia baba yake asubuhi na jioni, alimpa chai, alimwuliza kama ameshiba. Barafu aliwahi kumwomba msamaha, siku walipokuwa wawili tu barazani. Maswali alimjibu, "Nimesikia, baba." Sauti yake haikuwa kali.

Mwaka uliofuata Maswali aliomba tena. Fomu ya mzazi aliijaza mama, kwa ule mwandiko wa kuku. Mshauri aliandika barua ndefu, na nafasi ikapatikana. Kwenye uwanja wa ndege Barafu alibeba sanduku mpaka pale ambapo asiyesafiri haruhusiwi kupita. Mama alilia, Maswali akalia. Akamkumbatia mama yake muda mrefu, kisha akamgeukia baba, akampa mikono yote miwili kwa heshima, akapita.

Miezi kadhaa baadaye Barafu alikuwa kwa kinyozi, amefungwa kitambaa shingoni, uso wake mbele yake kwenye kioo. Kinyozi alikuwa mgeni mtaani, hajui ya watu. Alisema mwanawe wa kiume, miaka kumi na sita, ameitwa kwenda kusoma nje, na yeye haoni kama ameiva. Kitanda chake hata hakitandiki. Akasema amesikia mzee ana binti huko, hongera, hebu amshauri: mtu anajuaje kwamba mtoto yuko tayari?

Barafu angeweza kusema lolote. Badala yake alisimulia, tangu mwanzo: mwalimu, kicheko, safari ya kompresa, fomu, neno lenyewe na namna alivyoliandika, ofisi, mtoto aliyesema baba amekosea. Alisimulia akijitazama, kwa sababu mashine ilikuwa sikioni na hakuweza kugeuza kichwa. Mwishoni alisema hajui mtu anajuaje. Anachojua ni kwamba yeye alipima kitu kingine, akakiita mtoto.

Kinyozi alizima mashine. Akapangusa nywele begani mwake kwa brashi, taratibu.

"Na alikusamehe?"

"Hupiga simu kila Jumapili," Barafu akasema. "Huongea na mama yake. Halafu huomba apewe mimi, ananiamkia, naitikia."

"Halafu?"

"Basi."

Kinyozi akatikisa kichwa, akawasha mashine, akamalizia kisogo.